Jinsi ya kukokotoa presha ya maji kwenye kina kirefu cha bahari

Kwenye mita 3,800 kuna presha kiasi gani? Nijumlishe na ile ya hewa au nisijumlishe? Mbona jibu langu linapishana na la mwenzangu kwa laki moja na kitu? Maswali haya hayaishi, na wanaoyauliza ni watu wa kila aina: mwanafunzi wa sekondari anayejiandaa na mtihani, kijana anayesomea uzamiaji Nungwi au Watamu, fundi aliyepewa kazi ya kutengeneza boksi la kamera ya kushusha baharini.

Hesabu yenyewe ni kuzidisha namba tatu. Watu hupotea kabla hawajafika kwenye kuzidisha: hawajaamua wanatafuta presha ipi, hawajui kina chao kimepimwa kuanzia wapi, na vipimo wamevichanganya. Kwa hiyo tutakaa sana hapo, na penye kuzidisha tutapita mbio.

Ninaposema presha, ni kile ambacho vitabu vya sayansi vinakiita kanieneo: kani inayokandamiza, ukiigawanya kwa eneo inalolikandamiza. Kipimo chake ni paskali (Pa). Paskali moja ni kitu kidogo sana, ndiyo maana utakutana zaidi na kilopaskali (kPa, paskali 1,000), baa (paskali 100,000) na megapaskali (MPa, paskali 1,000,000).

Vitu vya kuwa navyo kabla ya kuanza

- Kikokotoo. Cha simu kinatosha. Kwenye simu nyingi ukiilaza ubavu vinatokea vitufe vya kisayansi.
- Karatasi na kalamu. Usifanye hesabu hii kichwani mpaka uizoee, maana sifuri zake ni nyingi.
- Kina cha mahali unapopatafuta, kwa mita.
- Densiti ya maji, kwa kilogramu kwa kila mita ya ujazo. Kwa maji ya ziwa, mto au kisima tumia 1,000. Kwa bahari, tabaka la juu, tumia 1,025. Kwa bahari ya kina kirefu ambako maji ni ya baridi kali, tumia 1,028.
- Mchapuko wa mvutano wa dunia, yaani g: 9.8. Karibu na ikweta ni 9.78 na kwenye ncha za dunia ni 9.83. Tofauti hiyo ni nusu asilimia tu, kwa hiyo 9.8 itakufaa Mombasa na itakufaa Norwei.
- Presha ya hewa juu ya maji. Usawa wa bahari ni Pa 101,325, ambayo ndiyo atmosfia moja.

Fomula ni hii:

P = d × g × h

P ni presha, d ni densiti (shuleni huandikwa kwa herufi ya Kigiriki ρ), g ni mchapuko wa mvutano, h ni kina. Maji yaliyo juu yako yana uzito, na uzito huo ndio unaokukandamiza. Upana wa bahari hauingii popote kwenye hesabu. Mita 10 chini ya Bahari ya Hindi na mita 10 ndani ya bomba jembamba lililosimama wima, limejaa maji ya bahari, presha inayotokana na maji ni ileile. Kama hili linakukera, uko pamoja na wengi, lakini endelea tu.

Hatua ya 1: Amua unatafuta presha ipi

Hapa ndipo ile laki moja na kitu inapotoka. Kuna presha mbili, na zote mbili ni sahihi mahali pake.

Fundi wa tairi akichomeka geji yake kwenye tairi lililopasuka, mshale unasoma sifuri. Hewa ya kawaida imo ndani ya tairi lile na ina presha yake ya atmosfia moja, ila geji haiihesabu. Inahesabu kile kilichozidi hapo. Presha ya aina hiyo tuiite presha ya geji. Ukijumlisha na ile ya hewa unapata presha kamili. Fomula ya d × g × h peke yake inakupa presha ya geji.

Utatumia ipi?

Ukitaka kujua kama dirisha, kifuniko au boksi lenye hewa ya kawaida ndani litastahimili, tumia presha ya geji. Hewa ya ndani inasukuma nje kwa atmosfia moja, ya juu ya bahari inasukuma ndani kwa atmosfia moja, zinafutana.

Ukishughulika na hewa inayobanwa na maji, kama ya kwenye mapafu, puto, au gesi anayovuta mzamiaji, tumia presha kamili.

Mtihani ukisema "presha inayotokana na maji" ni ya geji. Ukisema "presha yote" au "jumla ya presha", jumlisha hewa. Soma swali mara mbili.

Hatua ya 2: Pata kina cha kweli

Watu hukopi kina kutoka popote wanapokiona, kisha wanashangaa. Angalia kina chako kimetoka wapi.

*Kimetoka kwa mvuvi.* Wavuvi wengi wa mwambao wanahesabu kwa pima. Pima moja ya baharini ni mita 1.83, kwa hiyo pima 40 ni mita 73.2. Lakini uliza pia mshipi ulishuka vipi. Chubwi (kile kizito cha kuzamisha mshipi) ikigusa chini mshipi hulegea ghafla mkononi, na hapo ndipo pima zinapohesabiwa. Tatizo ni kwamba penye mkondo mshipi hauendi wima, unalala. Ukiwa umelala nyuzi 30 kutoka wima, kina cha kweli ni urefu wa mshipi mara 0.87. Zile mita 73 zinabaki kama 63 hivi. Ukikosea hapo umeongeza takriban baa nzima isiyokuwepo.

*Kimetoka kwenye mashine ya kupima kina kwa mwangwi.* Nyingi zinapima kuanzia pale kifaa kilipofungwa chini ya chombo, siyo kuanzia juu ya maji. Kama kifaa kiko nusu mita chini ya usawa wa maji na hakijarekebishwa, ongeza nusu mita.

*Kimetoka kwenye chati ya baharini.* Namba za kwenye chati hupimwa kuanzia usawa wa chini sana wa maji kupwa, ili nahodha asidanganyike akapanda mwamba. Kwa hiyo sharti uongeze urefu wa maji wa saa hiyo, unaoupata kwenye jedwali la kupwa na kujaa. Kwetu hili si dogo. Zanzibar, Dar es Salaam na Mombasa, wakati wa bamvua (siku za maji makubwa) maji kujaa hufika karibu mita 4 juu ya usawa huo. Mahali palipoandikwa mita 12, bamvua ikijaa ni mita 16: kutoka kPa 120 za geji hadi kPa 161. Hiyo ni nyongeza ya theluthi moja, mahali palepale, kwa muda wa saa sita hivi. Wakati wa maji mafu (siku za maji madogo) tofauti ni ndogo zaidi. Na ukiwa unashughulikia kilomita nne chini, mita 4 za bamvua zisikusumbue, ziache.

Hatua ya 3: Chagua densiti

Bahari: 1,025. Ziwa: 1,000. Usichanganye. Tofauti ni asilimia 2.5, ndogo kwa mazungumzo lakini inatosha kukunyima alama.

Kwa kina cha zaidi ya mita 1,000 baharini ninapendekeza 1,028, kwa sababu sehemu kubwa ya maji hayo ni ya baridi, na maji ya chumvi yakipoa yanakuwa mazito. Maji ya juu ya Bahari ya Hindi pwani kwetu ni ya uvuguvugu na yako chini kidogo ya 1,025, lakini kwa kina cha mzamiaji huwezi kuiona tofauti hiyo kwenye geji yoyote ya kawaida. Ile Bahari ya Chumvi ya Mashariki ya Kati ni jambo jingine kabisa: densiti yake ni karibu 1,240, na namba zetu za bahari haziifai.

Hatua ya 4: Weka vipimo vyote katika mfumo mmoja

Kina kwa mita. Densiti kwa kilogramu kwa mita ya ujazo. Ukifanya hivyo, jibu litatoka kwa paskali lenyewe bila kugeuza chochote.

- Kilomita: zidisha kwa 1,000. Kilomita 3.8 ni mita 3,800.
- Futi: zidisha kwa 0.3048. Vitabu vingi vya uzamiaji vya Kimarekani huandika futi, na futi 60 ni mita 18.3.
- Pima: zidisha kwa 1.83.
- Densiti iliyoandikwa 1.025 ni ya gramu kwa sentimita ya ujazo. Zidisha kwa 1,000.

Hatua ya 5: Zidisha

Tuchukue kina cha mita 18, kikomo cha kawaida cha mzamiaji mwenye cheti cha mwanzo.

1,025 × 9.8 × 18 = 180,810 Pa

Gawanya kwa 1,000: kPa 180.8. Hiyo ni presha ya geji.

Ukitaka kurahisisha, tangulia kuzidisha 1,025 × 9.8 = 10,045. Maana yake kila mita unayoshuka baharini inakuongezea Pa 10,045, karibu kPa 10. Andika namba hiyo pembeni ya daftari, kisha kazi yako ni kuizidisha na kina tu.

Sasa twende chini. Mabaki ya Titanic yamelala katika Atlantiki ya Kaskazini kwenye kina cha takriban mita 3,800. Kwa sasa tubaki na 1,025 ya hesabu ya kawaida; ile 1,028 itaingia Hatua ya 7:

10,045 × 3,800 = 38,171,000 Pa

Gawanya kwa 1,000,000: MPa 38.2.

Hatua ya 6: Jumlisha hewa, kama Hatua ya 1 ilisema hivyo

Mzamiaji wa mita 18: 180.8 + 101.3 = kPa 282.1. Hii ndiyo presha kamili, karibu baa 2.8.

Titanic: 38.17 + 0.10 = MPa 38.27. Unaona kwamba huku chini hewa ni kama haipo kwenye hesabu. Juu, kwenye mita 18, ilikuwa zaidi ya theluthi ya jibu. Ndiyo maana kosa la kusahau hewa linamuumiza mzamiaji kuliko mtafiti wa bahari kuu.

Kwenye maziwa ya nyanda za juu usitumie 101,325. Ziwa Victoria liko takriban mita 1,134 juu ya usawa wa bahari na presha ya hewa pale ni kama kPa 88. Ziwa Tanganyika, karibu mita 773, ni kama kPa 92.

Hatua ya 7: Rekebisha kwa kina kirefu

Kina chako kisipofika mita 1,000, ruka hatua hii.

Tunaambiwa shuleni kwamba maji hayabanwi. Yanabanwa, ila kidogo. Chini kabisa ya Mfereji wa Mariana, mahali penye kina kuliko kote baharini, yamebanwa kiasi kwamba densiti imepanda kwa takriban asilimia 5 kuliko juu. Kwa hiyo fomula inayodhani densiti ni moja kutoka juu mpaka chini inatoa jibu dogo kuliko ukweli. Marekebisho yanayofaa kwa matumizi ya kawaida ni haya:

P = 1,028 × 9.8 × h × (1 + 0.0000022 × h)

Kwa maneno: tumia densiti ya 1,028, kisha ongeza asilimia 0.22 kwa kila mita 1,000 ya kina. Hesabu sifuri za ile namba ya kwenye mabano kabla hujabonyeza: ni tano baada ya nukta, kisha 22.

Titanic tena: 1,028 × 9.8 × 3,800 = 38,282,720. Zidisha kwa 1.00836, unapata 38,602,764, yaani MPa 38.6. Hesabu ya kawaida ilitupa 38.2.

Sasa Challenger Deep, sehemu ya chini kabisa ya Mfereji wa Mariana, kina cha karibu mita 10,935. Hesabu ya kawaida inatoa MPa 109.8. Yenye marekebisho inatoa MPa 112.8. Tofauti ya MPa 3 ni sawa na kusahau mita 300 za maji, na huo si msamaha wa kumpa mtu anayetengeneza chombo.

Utajuaje kwamba marekebisho haya si ya kubahatisha? Fomula iliyochapishwa na UNESCO mwaka 1983 kwa ajili ya wanasayansi wa bahari inasema kwamba, kwenye latitudo ya nyuzi 30, presha ya geji ya MPa 100 inafikiwa kwenye kina cha mita 9,713 hivi. Weka 9,713 kwenye hesabu yetu: inatoka MPa 99.9. Weka kwenye ile ya kawaida: MPa 97.6. Kwa mtihani wa sekondari bado andika ile ya kawaida, msahihishaji hatakuwa na subira na sifuri tano.

Hatua ya 8: Geuza jibu liwe kitu cha kueleweka

Kupata baa, gawanya paskali kwa 100,000. Kupata atmosfia, gawanya kwa 101,325. Kupata pauni kwa inchi ya mraba, kile kipimo cha geji za tairi, gawanya paskali kwa 6,895.

Kupata nguvu inayokandamiza kitu, zidisha presha ya geji kwa eneo lake la mita za mraba. Tuseme dirisha la mviringo la kipenyo cha sentimita 10. Nusu kipenyo ni mita 0.05, kwa hiyo eneo ni 3.14 × 0.05 × 0.05 = mita za mraba 0.00785. Kwenye Titanic:

38,600,000 × 0.00785 = niutoni 303,010

Gawanya kwa 9.8: uzito wa kilo 30,919. Karibu tani 31 juu ya dirisha ambalo unaweza kuliziba kwa kiganja. Titan, chombo kilichobeba watu watano kwenda kuyaona mabaki hayo Juni 2023, kilibondwa na presha ya kiwango hiki kikiwa bado kinashuka.

Januari 23, 1960, Jacques Piccard na Don Walsh waliteremka Challenger Deep ndani ya chombo cha Trieste. Walipopita mita 9,000 hivi, kioo kimoja cha nje kilipata ufa kwa kishindo. Weka 9,000 kwenye fomula yetu uone walikuwa wapi: MPa 92.5. Wakaendelea kushuka.

Njia ya haraka

Kila mita 10 za bahari ni baa 1. Gawanya kina kwa 10, una presha ya geji kwa baa. Ongeza 1, una presha kamili. Mita 18: 1.8, au 2.8 ukijumlisha hewa. Visima vya gesi vya bahari kuu nje ya Lindi na Mtwara, ambako baadhi sakafu iko zaidi ya mita 2,000 chini: zaidi ya baa 200. Kwa mazungumzo na kwa kukagua jibu hii inatosha kabisa, na mimi huianza hiyo kabla ya kushika kikokotoo, ili nijue jibu litaangukia wapi.

Kama una vina vingi, tumia Excel. Andika vina kwa mita kwenye safu ya A kuanzia A2, kisha kwenye B2 weka:

=1028*9.8*A2*(1+0.0000022*A2)/1000000

Vuta chini. Majibu ni megapaskali za geji. Vina viwe namba tupu, usiandike "3800 m" ndani ya kisanduku, wala usiweke mkato wa maelfu kwa mkono.

Makosa yanayojirudia

Kutumia presha ya geji kwenye hesabu ya hewa. Puto la lita 6 juu ya maji likishushwa mita 30, presha kamili ni karibu baa 4, kwa hiyo linabaki lita 1.5. Aliyetumia geji anagawanya kwa 3 na kupata lita 2. Ukiligeuza hilo unapata sababu ya sheria ya kwanza ya uzamiaji wa mtungi: usizuie pumzi unapopanda. Hewa ya lita 1.5 kwenye mita 30 inataka kuwa lita 6 ikifika juu, na mapafu hayana nafasi hiyo.

Na tukiwa hapo: mwongozo huu ni wa hesabu. Usiutumie kupanga muda wa kukaa chini wala mwendo wa kupanda. Kwa hilo kuna majedwali ya uzamiaji, kompyuta za kuzamia za kuvaa mkononi na mwalimu mwenye cheti.

Kuongeza umbali wa ulalo. Chombo kikishuka kwa mteremko kwa mita 500 hakijafika kina cha mita 500. Ni wima tu unaohesabika.

Kuzidisha presha kwa idadi ya pande. Presha kwenye nukta moja ni ileile kila upande, juu, chini na ubavuni. Haijumlishwi.

Kuandika tarakimu zote za kikokotoo. Kina chako kimepimwa kwa makadirio ya mita kadhaa, halafu unaandika Pa 38,602,763.54? Andika MPa 38.6 uishie hapo.

Na swali ambalo si kosa ila haliachi kuulizwa: mbona samaki wa huko chini hawapondwi? Kwa sababu hawana mifuko ya hewa ya kubondwa. Miili yao imejaa maji yenye presha ileile ya nje. Mwaka 2022 kamera ilimrekodi samaki akiogelea kwenye kina cha mita 8,336 katika mfereji wa Izu-Ogasawara, kusini mwa Japani.

Jibu likikataa

*Jibu ni dogo mno, kama Pa 38,171 kwa Titanic.* Umeingiza kina kwa kilomita, au densiti kwa gramu. Rudi Hatua ya 4. Ukiwa umekosea vyote viwili utapata 38 tupu.

*Umepishana na mwenzako kwa 101,325 kamili.* Mmoja amejumlisha hewa. Rudini Hatua ya 1, msibishane.

*Mmepishana kwa asilimia 2 hivi.* Angalia kama mmoja ametumia g ya 10. Shule nyingi huiruhusu. Tumia ile iliyoandikwa kwenye karatasi ya maswali.

*Mmepishana kwa asilimia 2.5.* Mmoja yuko ziwani, mwingine baharini.

*Kikokotoo kinaonyesha 3.8171E7.* Hakijaharibika. Sogeza nukta mara 7 kwenda kulia: 38,171,000.

*Excel inaonyesha alama za ####.* Safu ni nyembamba. Ipanue.

*Excel inaandika #VALUE!* Kuna herufi kwenye kisanduku cha kina, mara nyingi ni ile "m" niliyokukataza.

*Saa ya kuzamia inasoma mita 29.3 ilhali kamba inasema 30.* Uko ziwani, na saa imewekwa kwa maji ya bahari. Saa hizi hazipimi kina. Zinapima presha na kuigeuza kuwa mita. Nyingi zina mahali pa kuchagua aina ya maji kwenye mipangilio.

*Jibu lako na njia ya haraka vinapishana mara kumi.* Umepoteza sifuri. Amini njia ya haraka, tafuta sifuri.

Mazoezi

1. Boksi la kamera lenye hewa ya kawaida ndani, mita 40 baharini. Linakandamizwa na presha gani?
2. Chini kabisa ya Ziwa Tanganyika, mita 1,470. Tafuta presha kamili kwa fomula ya kawaida.
3. Yule samaki wa mita 8,336. Tumia marekebisho, jibu liwe presha ya geji.

Majibu: 1) kPa 401.8, kwa sababu ni ya geji. 2) MPa 14.5, ukipata 14.9 umetumia densiti ya bahari. 3) MPa 85.5, ukipata 83.7 umeruka Hatua ya 7.